Kazi ya saa za skuli nitaipata wapi?

Shangazi, assalamu alaikum.

Nakuandikia kutoka Jambiani, Unguja. Nina miaka 33, nina mume na watoto watatu. Mume wangu ni mvuvi. Akiwepo nyumbani mambo yanakwenda, lakini mara nyingi huenda dago, kambi ya wavuvi, na wenzake akakaa huko wiki nzima au zaidi, na riziki ya baharini unaijua, siku imo siku haimo. Nataka kufanya kazi. Daftari la dukani halifungiki, na watoto ndio wanakua.

Zamani nikilima mwani kama wanawake wengi wa hapa. Niliuacha. Maji siku hizi ni ya moto, mbegu ya cottonii inaoza kwenye kamba kabla haijakomaa, na huu mwani wa spinosum unaobaki bei yake haifiki kulipa maumivu ya mgongo. Baadaye nikapata kazi katika hoteli moja, upande wa usafi wa vyumba. Niliambiwa ni nusu siku, saa 2 asubuhi mpaka saa 8 mchana, na mwanzo ikawa hivyo kweli. Wageni walipozidi wakaanza kunibadilishia. Leo asubuhi, kesho saa 9 mchana mpaka saa 4 usiku, na ratiba naipata usiku wa kuamkia. Ikawa dada mtu ndiye anayebaki nyumbani kumwangalia mdogo wake, mpaka mwalimu wake akaja kwangu kuuliza kama mtoto anaumwa. Wiki ile ile nikaacha kazi.

Tatizo langu ni saa. Skuli yetu ina mikondo miwili. Msichana wangu mkubwa yuko darasa la sita, mkondo wa mchana, anaingia saa 6 na nusu na anatoka saa 11. Asubuhi anakwenda chuoni kusoma Kurani, saa 2 mpaka saa 5. Wa pili ni mvulana, darasa la pili, yeye ni wa asubuhi, saa 1 na nusu mpaka saa 6, na chuoni kwake ni baada ya alasiri. Wa mwisho ana miaka mitano, yuko maandalizi, nampeleka asubuhi na kumchukua saa 5 na nusu. Mmoja anaingia mwingine anatoka, na mchana wote watatu wanataka kula kabla mkubwa hajaondoka.

Sasa nimeletewa kazi mbili. Hoteli ile ile wamenipigia, kuna msimamizi mpya, anasema nirudi na atanipangia saa zinazonifaa. Pia kuna nyumba ya wageni ya vyumba sita, hapa hapa karibu na kwangu. Mwenyewe anatafuta mwanamke wa kusafisha vyumba na kufua shuka, na anasema atalipa kwa siku utakayokwenda. Jirani yangu ananishauri nirudi hotelini na nitafute msichana wa kazi wa kukaa na watoto. Mavyaa wangu hataki nitoke kabisa, anasema mke wa mvuvi kazi yake ni kumngoja mvuvi. Mume wangu hajakataa wala hajakubali, anasema nifanye nitakavyoona.

Shangazi, nishike lipi? Na kazi inayokwenda na saa za skuli, kwa mtu kama mimi asiye na cheti, ipo kweli?

Mama wa Watatu, Jambiani

*

Waalaikumu salaam mwanangu.

Kazi ya hotelini iache. Naanza na hilo kwa sababu wanangoja jibu lako, na ukichelewa utajikuta umekubali kwa kuona haya.

Huyo msimamizi mpya anaweza kuwa mkweli kabisa anaposema atakupangia saa zinazokufaa. Lakini hoteli haifungi. Inafanya kazi siku saba, alfajiri mpaka usiku, na ratiba hupangwa kwa kuangalia wageni wangapi wanaingia na wafanyakazi wangapi wapo. Siku mwenzako akiumwa na vyumba vimejaa, ahadi uliyopewa kwa mdomo haitamzuia mtu kukupigia simu usiku. Angalia na kalenda. Msimu mkubwa wa wageni ni Julai na Agosti, kisha Disemba mpaka baada ya mwaka mpya. Na skuli zetu zinafunga katikati ya mwaka na Disemba. Ndio kusema wakati hoteli inakutaka sana ndio wakati watoto wako watatu wote wako nyumbani.

Ikiwa shida itakubana mpaka ulazimike kurudi, basi dai saa ziandikwe kwenye mkataba kwa tarakimu, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi. Ukisoma mahali pameandikwa kuwa saa zitategemea mahitaji ya kazi, usitie saini. Na mtu asikutishe kwa maneno ya sheria za Bara. Kazi na ajira si mambo ya Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, namba 11 ya 2005, na malalamiko ya mfanyakazi husikilizwa hapa hapa, Kamisheni ya Kazi.

Sasa tuje kwenye hizo saa. Umeniandikia vizuri sana, nikakaa nikazipanga kwenye karatasi, na nakuomba nawe ufanye hivyo usiku huu watoto wakilala. Chora siku moja, kila mtoto na mstari wake. Utaona kuwa saa 2 asubuhi mkubwa yuko chuoni, wa kati yuko skuli, mdogo yuko maandalizi. Hali hiyo inadumu mpaka saa 5. Una saa tatu ambazo ni zako peke yako. Baada ya hapo kuanzia saa 5 mpaka saa 7 nyumba inakutaka sana kuliko wakati wowote, maana mmoja anarudi kutoka chuoni na kujitayarisha kwa skuli, mwingine wa kumchukua, wa tatu anaingia na njaa yake. Mchana unatulia kidogo, lakini unakuwa na wawili ndani. Alasiri mvulana anakwenda chuoni, unabaki na mdogo tu mpaka dada yake arudi.

Watu wanaposema kazi ya saa za skuli wanakuwa na picha ya mtoto anayeondoka asubuhi na mkoba wake akarudi jioni. Kwetu, penye mikondo miwili na chuoni juu yake, picha hiyo haipo. Zile skuli za ghorofa zinazojengwa miaka hii zimewapa baadhi ya wazazi mkondo mmoja, na inshaallah neema hiyo itafika kila kijiji. Wewe panga kwa skuli uliyonayo leo. Kazi yoyote inayokutaka uwe nje ya nyumba saa 6 mchana si yako, hata ikilipa vizuri, kwa sababu atakayeilipia ni yule msichana wa darasa la sita.

Ndiyo maana hata kazi ya nyumba ya wageni siipokei kama ilivyoletwa. Umeambiwa kusafisha vyumba na kufua. Hizo ni kazi mbili, ila mwenye nyumba amezifunga pamoja kwa kuwa kwake yeye ni mtu mmoja wa kulipwa. Zifungue. Ulishafanya kazi ya vyumba, unajua inavyokwenda. Mgeni anayeondoka hutoka kama saa 4 asubuhi, na mgeni mpya huingia mchana, saa 8 hivi. Chumba hakisafishiki kabla ya huyu kutoka, na hakingojei baada ya yule kufika. Kwa hiyo kusafisha kunakaa saa 4 mpaka saa 8, papo hapo pa mchana wako. Hata mwenye nyumba awe mwema vipi, hawezi kuisogeza saa hiyo.

Lakini shuka chafu hazina haraka. Shuka za leo zinaweza kufuliwa kesho, mradi nyumba ina seti za kubadilisha. Basi nenda kamwambie hivi: vyumba tafuta mtu mwingine, hapo kijijini hakosekani mwanamke asiye na mtoto wa kumngoja mchana, mimi nitakufulia, kwangu, kwa kipande. Saa 2 asubuhi ukishamfikisha mdogo maandalizi unapitia nyumba ya wageni, unachukua mzigo wa jana. Mpaka saa 5 umefua na kusuuza. Unaanika wakati unatayarisha chakula, na jua kali la mchana linakufanyia sehemu yako ya kazi huku wewe uko na wanao. Alasiri unaanua na kupiga pasi. Asubuhi ya pili unapeleka safi na kuchukua chafu, safari moja. Nje ya nyumba umekaa muda wa kwenda na kurudi tu. Na likizo ikifika, wageni wakiwa wengi na watoto wako wote ndani, bado unafua uani kwako.

Kabla hujataja bei, ujue unachokiuza. Kufua shuka nyeupe za wageni si kufua kanga. Kwanza maji. Visima vingi vya pwani vina chumvichumvi, sabuni haitoi povu na shuka nyeupe hukauka ngumu na kufifia. Ikiwa ya bomba unayapata, jaza usiku kwa ajili ya asubuhi, na ikiwa huna ila kisima, mwambie mwenye nyumba mapema kuwa shuka zake zitafuliwa kwa maji yale yale aliyonayo yeye. Pili, mafuta ya kujikinga na jua. Wageni wanajipaka mwili mzima, wanalala nayo, na foronya na taulo zinatoka na madoa ya njano. Wengi wakiona doa wanakimbilia jiki. Usimwagie. Doa la mafuta hayo likikutana na jiki huzidi kukolea mpaka likafanana na kutu, na hapo shuka imeharibika. Lisugue kwanza kwa sabuni ya kuoshea vyombo, ile inayokata mafuta, uliache kidogo, ndipo ulitie kwenye beseni na wenzake. Hina na piko nazo usiziahidi kuwa zitatoka, tena mwambie hivyo siku ya kwanza, ili usije kudaiwa shuka.

Pa kuanikia ni jambo lingine. Jambiani wakati wa kusi upepo unapiga kutoka baharini na unabeba mchanga na unyevu wa chumvi. Ukitandaza kamba upande wa pwani, shuka utazifua mara mbili. Funga kamba nyuma ya nyumba, upande wa bara, mahali kuku hawapiti.

Pasi inakula umeme. Siku ya kwanza angalia mita yako ya Tukuza kabla hujaanza kupiga pasi, andika namba, na ukimaliza andika tena. Hiyo tofauti ni gharama yako, na watu wengi wanaofua kwa kipande hawaihesabu. Wanaona pesa inaingia, kisha mwisho wa mwezi wanashangaa umeme umekwenda wapi. Chukua mzigo mmoja wa majaribio, tuseme vyumba vitatu, kila kimoja na shuka mbili, foronya mbili na taulo mbili. Hivyo ni vipande kumi na nane. Andika sabuni uliyotumia, umeme, maji kama unayanunua, na saa ulizokaa. Gawa kwa kumi na nane. Hapo ndipo utajua kipande kimoja kinakugharimu nini kabla hata jasho lako halijahesabiwa, na juu yake ndipo unaweka ujira. Kama mwenye nyumba anataka kuleta sabuni mwenyewe, vizuri, bei yako itashuka kwa kiasi cha sabuni, haitashuka kwa jasho. Pasi pia iwe na bei yake mbali. Kuna nyumba za wageni zinazotaka shuka tu zipigwe pasi na taulo zikunjwe, na hakuna sababu ya kumpa mtu kazi asiyoitaka.

Nunua daftari. Kila mzigo mnahesabu pamoja mlangoni, shuka ngapi, foronya ngapi, taulo ngapi, na yeye au mtu wake anatia saini wakati wa kuchukua na wakati wa kurudisha. Iliyochanika au yenye doa la zamani iandikwe hapo hapo. Dakika chache hizi zitakuepusha na ugomvi ambao mwanamke anayefua kwake hawezi kuushinda, yaani taulo iliyopotea na hakuna anayejua ilipotelea wapi. Malipo yawe ya wiki. Chagua siku, kwa mfano Alhamisi, ili Ijumaa upumzike na uwe na watoto. Usikubali kusubiri mwisho wa mwezi kwa kazi ya kipande, maana sabuni ya wiki ya pili utainunua kwa pesa gani?

Ukizoea nyumba moja na ukaona bado una nafasi, iko nyingine na nyingine kando ya barabara hiyo hiyo. Nyumba ndogo za wageni nyingi hazina mashine ya kufulia. Lakini usikimbilie ya pili kabla ya kuimaliza ya kwanza vizuri kwa msimu mmoja.

Uliniuliza kama kazi ya namna hii ipo kwa mtu asiye na cheti. Ipo, na mara nyingi ndiyo ya namna hii, ya kipande, inayokuja nyumbani kwako. Wanawake Unguja na Pemba wamekuwa wakishona kofia za mkono, wakisuka ukili, wakipiga makumbi na kusokota kamba kati ya swala na swala, mtoto yuko ubavuni. Shida yake ni kuwa bei huamuliwa na anayenunua, na mwanamke huona aibu kuhesabu saa zake. Kofia moja inaweza kukaa mkononi mwa mtu kwa miezi. Ndiyo maana nimekusisitizia hesabu kabla ya kazi.

Mwani nao sikuambii usiuguse tena. Wewe unajua kuliko mimi kuwa maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hukupwa asubuhi, saa 4, saa 5, na kila siku husogea mbele karibu saa nzima. Zile siku chache za mwanzo za bamvua zinaangukia ndani ya saa zako tatu au karibu yake, lakini siku zinazofuata maji yanakukuta ndani mchana na mtoto yuko njiani anarudi. Kufunga mbegu kwenye taitai, vile vikamba vidogo, unaweza kufanya nyumbani kivulini, ila kamba haziendi baharini zenyewe. Kama hapo kijijini au Paje kuna kikundi kinachotengeneza sabuni ya mwani, kiulizie, kwa kuwa sabuni inalipa kuliko gunia la mwani mkavu na haingojei maji kupwa. Kulima peke yako kwa bei hii, sikushauri.

Kuhusu msichana wa kazi, nampinga jirani yako. Mshahara wake utatoka kwenye mshahara wako wa hotelini, na chakula chake, na pa kulala. Utakuwa unatoka usiku ili kumlipa mtu akae na watoto wako, na kinachobaki ni kidogo. Mara nyingi msichana mwenyewe anakuwa ni mtoto wa mtu mwingine ambaye naye alitakiwa awe skuli.

Hapo ndipo ninapotaka kusema na wewe zaidi kuliko popote. Mwanao yuko darasa la sita, na mitihani mikubwa iko mbele yake. Mtoto anayekosa siku mbili tatu kwa wiki hurudi darasani akakuta hesabu zimeshapita, naye huanza kunyamaza, na mtoto wa kike aliyenyamaza darasani wengi hawamwoni mpaka ameshatoka. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 inamlinda mtoto na kazi zinazomzuia kusoma, na kazi ya kulea mdogo wake ndani ya nyumba ni kazi vile vile, ingawa hatuiiti hivyo. Umeacha mshahara kwa ajili yake. Ulifanya sawa, na nakuomba usimruhusu mtu yeyote akwambie vinginevyo. Jumamosi akikusaidia kukunja taulo hakuna ubaya. Siku ya chuoni au ya skuli asiguse beseni, hata mzigo uwe mkubwa vipi. Mzigo ukizidi, punguza mzigo.

Mavyaa wako usigombane naye. Anasema mke wa mvuvi kazi yake ni kumngoja mvuvi, na pengine yeye mwenyewe alingoja miaka mingi, na siku nyingine aliyemngoja alirudi mikono mitupu. Mwendee mchana mmoja, mwambie kazi yenyewe itafanyika uani kwako, hutoki usiku, wala hupandi gari la hoteli. Kisha muombe jambo moja dogo: siku ukichelewa kurudi, mvulana akitoka skuli saa 6 apitie kwake. Mtu mzima akiombwa msaada anaona bado ana nafasi ndani ya nyumba ya mwanawe. Pesa ya kwanza ikiingia, mpelekee kitu chake, hata kilo ya sukari.

Mume wako kusema ufanye utakavyoona si kukataa, lakini mimi singeridhika nalo. Kesho mambo yakiharibika utaambiwa ni wewe uliyetaka. Akirudi dago, mwache apumzike, kisha mkae mkiwa na ile karatasi ya saa na lile daftari. Mwoneshe, usimsimulie tu. Halafu mwambie unachokitaka kwake kwa jina: siku ambazo yuko nyumbani, mdogo anamchukua yeye saa 5 na nusu. Na kabla hajaondoka tena awe amekufungia kamba za nguo na amekutafutia pipa la pili la maji. Ajue kuwa kazi hii ni ya nyumba nzima, na ruhusa aliyokupa iwe ya maneno yanayosikika mbele ya mama yake.

Limebaki la pesa. Masika yakiingia, Machi mpaka Mei, wageni hupungua sana, na baadhi ya hoteli na nyumba za wageni hufunga kabisa. Hata hao wachache waliobaki, shuka zao hazikauki kwa mvua. Kwa hiyo usihesabu pesa ya Agosti kama ndiyo pesa ya kila mwezi. Ingia upatu na wanawake unaowaamini, na uombe zamu yako iangukie Aprili. Sehemu nyingine, hata ikiwa ndogo, iweke ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar. Wana mpango wa hiari kwa watu wanaojiajiri, na wewe sasa ni mmoja wao. Ikiwa baadaye utataka mashine ya kufulia, usiinunue kwa mkopo wa mtaani wa riba. Kaulizie kwanza Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, wanatoa mikopo isiyo na riba kwa wajasiriamali wadogo. Kabla ya kwenda, uwe na kitambulisho chako cha Mzanzibari Mkaazi, barua ya sheha, na lile daftari lenye saini za wiki kwa wiki, maana ndilo litakaloonesha kuwa biashara yako ipo na inalipwa.

Shangazi